Gari linapokuwa gumu kuwaka kwenye baridi kali: kutafuta chanzo na kuchagua oili

Tarehe 30 Januari 2019, halijoto ya Minneapolis ilishuka hadi −33°C, ambayo kwa kipimo cha Fahrenheit kinachotumika Marekani ni −28. Baridi ya kiwango hicho haiji kila mwaka, lakini −25°C si jambo la ajabu Minnesota mwezi Januari, na kila inapofika, maegesho ya magari katika mitaa wanamoishi Wakenya, Wakongo na Watanzania hujaa sauti ileile ya starta inayozunguka kwa shida mara mbili tatu, kisha kimya. Wengi hukimbilia kulaumu betri. Wapo pia, hasa walioendesha teksi au matatu kwa miaka mingi huko nyumbani, wanaosema kwa uhakika kwamba oili si tatizo, kwa sababu wameweka oili nzito ili injini isichakae. Mwongozo huu nimeuandika nikiwafikiria hao zaidi, kwa kuwa imani yao ilikuwa na maana kule walikotoka, na hapa imani hiyohiyo inaweza kuiua injini.

Namba mbili kwenye chupa

Kwenye chupa iliyoandikwa 5W-30, namba iliyotangulia herufi W inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi, na W yenyewe imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba ya pili inaeleza mnato, yaani uzito wa oili katika kutiririka, ikiwa moto, kwa kipimo kinachochukuliwa kwenye 100°C. Mipaka ya namba hizi imewekwa na kiwango kiitwacho J300, kinachotolewa na SAE, chama cha wahandisi wa magari chenye makao yake Marekani.

Kwenye baridi, oili hupimwa mara mbili. Kipimo cha kwanza kinaangalia kama starta itaweza kuzungusha injini, na cha pili kinaangalia kama pampu itaweza kuivuta oili kutoka kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na kuifikisha kwenye beringi. Kwa kipimo cha kwanza, oili ya 0W hupimwa kwenye −35°C, ya 5W kwenye −30°C, ya 10W kwenye −25°C, ya 15W kwenye −20°C, na ya 20W, ile tuliyoizoea nyumbani, kwenye −15°C tu. Kipimo cha pampu hufanywa nyuzi 5 chini zaidi kwa kila daraja. Nafasi hiyo ya nyuzi 5 ni kinga kubwa kuliko inavyoonekana, maana inafanya injini igome kuzunguka kabla oili haijashindwa kuvutwa. Injini iliyogoma haijaharibika chochote, ilhali injini iliyowaka huku beringi zake ni kavu huanza kujila papo hapo.

Watu wengi hudhani kwamba 0W ni oili nyepesi kama maji, na kwa hiyo haiwezi kulinda chuma. Sivyo. Oili za 0W-30, 5W-30 na 10W-30 zote, zikiwa moto, zinatakiwa kuwa ndani ya mipaka ileile ya daraja la 30, na 0W-40 ni nzito kuliko 5W-30 pindi injini inapopata moto. Zaidi ya hapo, oili ya 0W kwenye alfajiri ya −30°C ni nzito mara kadhaa kuliko 20W-50 iliyolala usiku kucha ndani ya injini pale Mombasa. Anayetafuta hapa uzito wa oili ya nyumbani ataupata kwenye chupa ya 0W, na utamzidi. Akiweka 20W-50 yenyewe, hatakuwa na oili nzito, bali kitu kilichokaribia kuwa grisi.

Starta inazunguka polepole na kwa uzito

Hii ndiyo dalili inayosumbua wengi, na ugumu wake ni kwamba baridi hushambulia pande mbili kwa wakati mmoja. Betri hupoteza nguvu kwa sababu kemia iliyo ndani yake hupungua kasi, kiasi kwamba kwenye −18°C haibakiwi hata na nusu ya uwezo iliokuwa nao siku ya joto. Na saa hiyohiyo oili iliyoganda kati ya pistoni na silinda, na kwenye beringi za kranki, inaitaka starta ifanye kazi maradufu. Ndiyo maana mtu hununua betri mpya, gari likawaka wiki moja, kisha baridi ikashuka nyuzi nyingine tano na tatizo likarudi. Betri mpya ilikuwa imeficha kosa la oili.

Njia ninayoiamini ya kutenganisha mambo haya mawili ni kupasha moja joto na kuliacha jingine baridini. Jioni, fungua betri kwa kuanza na waya wa hasi, iingize ndani ya nyumba, na kama una chaja iache ikichaji usiku. Asubuhi irudishe kwenye gari na uwashe mara moja. Ikiwa starta sasa inazunguka kwa wepesi, betri yako imechoka au haikuwa na chaji ya kutosha, na oili haina lawama. Ikiwa betri iliyojaa na yenye joto bado inazungusha injini kwa kukwama, basi uzito uko ndani ya injini, au umeme unapotelea njiani. Kuthibitisha, siku ya pili fanya kinyume: iache betri nje, lakini chomeka hita ya bloku, yaani kifaa cha umeme kinachopasha injini joto, kwa saa tatu kabla ya kuwasha. Injini ikizunguka vizuri kwa betri ileile baridi, umepata jibu, na jibu hilo linaelekea kwenye chupa ya oili.

Usiruke nyaya. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani, na waya wa hasi uliolegea pale unapofungwa kwenye bodi au injini, hutoa dalili inayofanana kabisa na ya oili nzito. Baada ya kujaribu kuwasha kwa sekunde kadhaa, gusa kichwa cha betri kwa uangalifu. Kikiwa na joto wakati kila kitu kingine ni barafu, umeme unakwamia hapo. Mita ya umeme pia husaidia: betri iliyopumzika na iliyojaa husoma karibu volti 12.6, na ikisoma 12.0 au chini yake hakuna haja ya kujadili oili mpaka kwanza ichajiwe. Maduka mengi ya vipuri hapa Marekani hupima betri bila malipo.

Nilimsaidia ndugu mmoja kutoka Lubumbashi aliyehamia Minnesota akitokea Texas na pikapu yake ya dizeli. Alikuwa amekwisha kubadilisha betri na kusafisha nyaya zote, na kila baridi ilipopita −20°C pikapu ilikuwa inagoma. Kwenye sampu alikuwa na 15W-40, oili nzuri kabisa kwa dizeli, aliyowekewa huko Texas ambako hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiwazia Januari ya Minnesota. Kitabu cha gari lake kiliruhusu 5W-40 kwa majira ya baridi, akabadilisha, na starta ikaanza kuzunguka kama ya gari jingine. Betri zile za zamani pengine zilikuwa nzima.

Starta inazunguka kwa kasi, lakini injini haiwaki

Hapa usipoteze muda na oili. Oili yenye mnato mkubwa hupunguza kasi ya starta. Haiwezi kuzuia mafuta kuwaka wakati injini inazunguka vizuri. Tafuta kwenye plagi, kwenye pampu ya petroli, au kwenye maji yaliyoganda ndani ya mpira wa mafuta kwa sababu tangi huachwa karibu tupu. Kwa dizeli, mtuhumiwa wa kwanza ni mafuta yenyewe: nta iliyomo ndani ya dizeli hujitenga kwenye baridi na kuziba filta, na mara nyingi injini huwaka, ikaunguruma dakika chache, kisha ikazimika. Tiba yake ni dizeli ya majira ya baridi na dawa ya kuzuia kuganda, ambayo lazima itiwe kabla mafuta hayajaganda.

Injini imewaka, lakini taa nyekundu ya oili haizimiki

Zima injini. Usisubiri kuona kama itazimika yenyewe, na usikanyage mafuta ili kuisukuma oili. Kwa kawaida taa hiyo huzimika ndani ya sekunde chache, na ikibaki imewaka maana yake ni kwamba hakuna shinikizo, yaani vyuma vinasuguana vikiwa karibu vikavu.

Kwanza pima kiwango cha oili kwa dipstiki, kwa kuwa oili iliyopungua hutoa dalili hii kwa wepesi zaidi kwenye baridi. Ikiwa kiwango kinatosha, sababu inayofuata ni oili kushindwa kuvutwa, na hapa inafaa kueleza namna inavyotokea, maana si kila mtu anajua kwamba oili inaweza kugoma bila kuwa imeganda yote. Majira ya baridi ya mwaka 1980 kuelekea 1981, katika mji wa Sioux Falls, South Dakota, injini nyingi ziliharibika ingawa oili zilizokuwa ndani yake zilikuwa zimefaulu vipimo vya wakati huo. Kilichotokea ni kwamba hewa ilipoa polepole kwa muda mrefu, na kupoa huko kwa polepole kukaipa nta iliyomo kwenye oili nafasi ya kujijenga kuwa wavu mwepesi, kama unavyoona mafuta ya nazi yanavyoshikana kwenye chupa asubuhi ya kipupwe. Ukichota asali iliyoganda kwa kijiko, pale ulipochota hubaki shimo, kwa kuwa asali ya pembeni haiji kuliziba. Pampu ya oili nayo ikavuta mara ya kwanza, ikaacha shimo mbele ya kichujio cha sampu, na baada ya hapo ikawa inavuta hewa. Oili ilikuwepo, kiwango kilitosha, na beringi hazikupata kitu. Kutokana na mkasa huo, kipimo cha pampu kilibadilishwa ili oili ipozwe polepole kwa muda mrefu kabla ya kupimwa.

Mafunzo mawili ya vitendo yanatokana na hayo. La kwanza ni kwamba kumimina oili kutoka chupa moja hadi nyingine ukiwa nje, kisha kusema "bado inatiririka", si kipimo. Oili inaweza kutiririka polepole kwa uzito wake yenyewe na bado pampu isiipate kwa kasi inayotakiwa. La pili linahusu nguvu za ziada. Ile kinga ya nyuzi 5 niliyoitaja inafanya kazi pale tu injini inapozungushwa na betri yake. Ukiunganisha betri ya lori, ukavuta gari kwa kamba, au ukapuliza dawa ya etha kwenye njia ya hewa, unaweza kuilazimisha injini iwake kwenye baridi ambayo oili yake haiwezi kuvutwa, na hapo umeiondoa kinga kwa mikono yako mwenyewe. Kwa dizeli yenye plagi za kupashia, etha ina hatari nyingine ya kulipuka mahali isipotakiwa. Gari lenye 15W au 20W lililogoma kwenye −28°C lisilazimishwe; lipashwe joto kwanza.

Kuhusu kupasha joto, hita ya bloku ndiyo zana ya kweli hapa, na magari mengi ya kaskazini utayaona yamening'iniza plagi ya umeme mbele. Lakini hita nyingi hupasha maji ya injini, si oili iliyo chini kwenye sampu, kwa hiyo zinarahisisha kuzungusha kuliko zinavyorahisisha kuvuta. Kuna hita za bapa zinazobandikwa chini ya sampu, na kwa dizeli kubwa naona zina thamani yake. Jiko la mkaa chini ya gari ni jambo nililoliona kwa macho yangu, na naomba lisifanywe kabisa: kuna oili, kuna mabomba ya mafuta, na kwenye gereji iliyofungwa kuna hewa ya sumu isiyo na harufu. Vivyo hivyo, usiache injini ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa.

Mlio wa kugongagonga unaopotea baada ya muda mfupi

Tapeti na vikaza mnyororo vinavyofanya kazi kwa shinikizo la oili hupiga kelele mpaka oili ivifikie. Kelele ya sekunde mbili au tatu kwenye −20°C si ya kuogopesha. Ikidumu nusu dakika, angalia kwanza namba iliyo kabla ya W, kisha uangalie filta. Ndani ya filta nyingi kuna kizuizi cha mpira kinachozuia oili isirudi kwenye sampu usiku; mpira wa bei rahisi hukakamaa kwenye baridi na kuacha kuziba, ilhali wa silikoni hubaki laini. Tofauti ya bei ni ndogo sana ukilinganisha na kusikiliza mlio huo kila asubuhi hadi Machi.

Baada ya kuwasha, subiri karibu nusu dakika hadi dakika moja, kisha endesha taratibu bila kukanyaga sana. Kuiacha injini ikinguruma dakika ishirini huchelewesha kupata moto na huipeleka petroli isiyoungua kwenye oili.

Ute mweupe chini ya kifuniko, oili kuvuja, dipstiki kujisukuma nje

Dalili hizi hutisha, na wengi hudhani gasketi ya silinda imeungua. Kama maji ya rejeta hayapungui, uwezekano mkubwa ni unyevu. Injini inayoendeshwa kilomita tatu kwenda kazini na tatu kurudi haipati moto wa kutosha kukausha mvuke unaozaliwa ndani yake, nao hujichanganya na oili kuwa ute wa rangi ya maziwa. Mvuke huohuo ukiganda kwenye mrija wa kupumulia wa injini, shinikizo hukosa njia ya kutokea, likasukuma dipstiki au kutoboa sili. Kubadilisha mnato hakutibu hali hii. Kinachotibu ni safari ya nusu saa barabara kuu mara moja kwa wiki, kwa kuwa oili huchelewa kupata moto kuliko maji na sindano ya joto kwenye dashibodi haikuambii habari za oili, pamoja na kubadilisha oili mapema kuliko ratiba ya safari ndefu. Vitabu vya magari vingi huhesabu safari fupi za baridi kuwa matumizi magumu.

Ikiwa kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka, na dipstiki inanuka petroli, ni petroli isiyoungua inayoteremka kwenye sampu. Hali hii huonekana zaidi kwenye injini ndogo zenye turbo na nozeli zinazopuliza ndani ya silinda moja kwa moja. Hapa mtu asijidanganye kwa kuweka oili nzito ili kufidia. Abadilishe oili, arefushe safari, na tatizo likiendelea alipeleke gari kwa fundi.

Namna ya kuchagua

Anza na kitabu cha gari, kwenye ukurasa wenye mchoro wa oili na halijoto. Namba ya pili, ile ya joto, usiibadilishe kwa sababu ya baridi: imechaguliwa kulingana na nafasi zilizomo kati ya vyuma vya injini yako, na kitabu kikisema 30, baki kwenye 30. Unayoruhusiwa kuichezea, ndani ya mipaka ya kitabu, ni namba ya kwanza. Kama gari lako linatumia 0W-20 tangu kiwandani, umekwisha kupewa jibu la Minnesota na huna la kufanya zaidi. Kama kitabu kinaruhusu 5W-30 na 10W-30, kwa Minneapolis chukua 5W-30 bila kusita. Na kama unaishi kaskazini zaidi, upande wa International Falls, gari linalala nje na 0W-30 inaruhusiwa, hiyo ndiyo ningeiweka. Dizeli za 15W-40 zihamie 5W-40 au 0W-40 iliyoidhinishwa kwa dizeli.

Kati ya oili ya kawaida na ya sintetiki zenye daraja moja, zote zimefaulu kipimo kimoja, lakini sintetiki kwa kawaida hufaulu ikiwa na akiba kubwa zaidi kwa sababu ina nta kidogo sana au haina kabisa, na kwa gari linalolala nje naona akiba hiyo inastahili pesa yake. Jihadhari na kuongezea: lita moja ya 20W-50 iliyobaki gereji, ikimiminwa juu ya 5W-30, haitaharibu injini kikemia, lakini huwezi tena kujua mchanganyiko huo utafanya nini kwenye −30°C.

Unaposoma utabiri, tazama halijoto ya hewa, si ile ya "kuhisi" inayochanganywa na upepo. Upepo huipoza injini haraka zaidi, lakini hauwezi kuishusha chini ya halijoto halisi ya hewa, kwa hiyo tangazo la −45 ya upepo siku yenye −29 halikulazimishi kubadilisha oili.

Badilisha mwezi Oktoba, au Novemba mapema, wakati bado unaweza kulala chini ya gari bila glovu. Ikifika Aprili hakuna haja ya kurudi kwenye oili nyingine, kwa kuwa 5W-30 iliyokusaidia kuwasha gari Januari ina daraja la 30 lilelile linalotakiwa kwenye jua la Julai.